Afishi, picha, na nyuso za watu wetu
(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, Nyamitaba)



Mlituomba tuseme juu ya kutengeneza afishi na picha kwa kompyuta, kwa sababu shirika sasa liko na kompyuta moja na vijana wanaotaka kuijua. Tutasema ya ufundi, lakini tutakawia zaidi kwenye nyuso za watu. Hapo njo kuna hatari.

Tuanze na programu. Watu wengi wamesikia jina la Photoshop, ile iliyotoka mwaka 1990, na wanafikiri bila hiyo hakuna kazi. Photoshop inalipiwa, na zile za wizi zinazotembea kwenye funguo za USB mara nyingi zinakuja na virusi ndani. Sisi tunatumia GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haiombi intaneti. Hapa kwetu, ambako rezo inakuja asubuhi na saa sita imekwenda, hilo peke yake linatosha.

Kitu cha kuzoea mbele ya vyote ni tabaka. Fikirieni nailoni nyeupe zinazopitisha mwanga, moja juu ya ingine: chini kuna picha, katikati maandishi, juu kabisa alama ya shirika. Tarehe ya mkutano ikibadilika, unagusa tabaka ya tarehe tu, zingine zinabaki vilevile. Maandishi tunayaandika mara tatu, kila luga na tabaka yake, Kiswahili, Kinyarwanda na Kihunde. Tunaficha mbili, tunatoa moja. Kazi ya siku moja inazaa afishi tatu. Ile faili ya XCF ndiyo inayochunga tabaka, hiyo inabaki kwenye kompyuta. Kinachotoka nje ni PNG ao JPEG.

Halafu vipimo, juu hapo watu wanapoteza pesa ya kuchapisha. Karatasi ya A4 inaomba picha ya piksele 2480 kwa 3508 ili itoke safi. Picha iliyopita kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi inabaki na piksele 1600 hivi kwa upande mrefu; ukiichapa vizuri haipite sentimeta 14. Ukiinyoosha ijaze ukuta, uso wa mtu unakuwa sawa ukuta wa matofali. Kwa hiyo picha ya kuchapa itumeni kama dokima, si kama picha. Na wino: mashini nyingi ndogo zinatoa wino wa maji, na mvua ya Masisi munaijua. Fotokopi ya unga haiyeyuke.

Lakini fotokopi inatoa nyeusi na nyeupe tu. Maandishi mekundu juu ya kijani yanapendeza kwenye kompyuta, na kwenye fotokopi yanaweza kupotea kabisa, kwa sababu rangi hizo mbili zinakuwa jivu moja. Mbele ya kutuma kuchapa, ondoeni rangi kwa muda ndani ya GIMP, simameni hatua tano nyuma, jaribuni kusoma. Kama tarehe na mahali havionekane, afishi haijaisha. Maneno yapunguzwe: nini, siku gani, saa ngapi, wapi, na kwamba ni bure. Basi.

Tuseme pia juu ya michoro, kwa wale wasiosoma. Kijana mmoja aliuliza kama tunaweza kuweka ng'ombe kwenye afishi ya mazungumzo ya udongo, kwani ng'ombe ni Masisi. Ni kweli. Lakini kwenye maneno ya udongo, ng'ombe peke yake inasema "kikao hiki ni cha wafugaji", na jembe peke yake linasema "ni cha walimaji". Watu wataamua kuja ao kubaki kwa sababu ya mchoro ule tu. Tunashauri viwekwe vyote viwili kwa ukubwa mmoja, ao kusiwe hata kimoja: watu wameketi kwa duara inatosha. Rangi za vyama vya siasa na mtindo wa nguo za kijeshi tuviache pembeni.

Sasa nyuso. Picha iliwahi kusaidia sana watu wetu wa Maziwa Makuu. Baada ya 1994, UNICEF na mpiga picha Reza walipiga picha za maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi, na kuna waliopatikana kwa sababu ya sura yao kwenye ubao. Uso ulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na nyuma yake kulikuwa na watu wanaohakikisha nani ni mzazi. Ripoti ya mgao wa maharagwe ni kitu kingine. Wengi wetu tulirudi mwaka 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa. Kuna mwenye kesi ya shamba. Kuna mama asiyetaka mtu fulani ajue kwamba amerudi. Uso wake pamoja na jina la kijiji ni anwani kamili.

Wafadhili, tunajua munahitaji ushahidi. Tutawapa mikono inayopokea, migongo, magunia, mashamba yaliyopandwa, na daftari lenye sahihi munaloweza kuja kuangalia. Uso tutautoa pale mwenyewe amekubali, akiwa ameonyeshwa afishi na kuambiwa itakwenda wapi. Na akikatala, asipoteze zamu yake kwenye mstari.

Namna ya kuficha: musitie ukungu mwepesi ao vile viraka vya miraba midogo, kwa sababu kuna programu zinazojaribu kukisia sura iliyo nyuma. Wekeni rangi nzito moja juu ya uso, halafu toeni JPEG. Kwenye XCF sura inabaki chini ya tabaka, na yeyote anaweza kuifunua. Kukata picha kwenye simu pia kuangaliwe. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kwenye simu za Pixel za Google, sehemu iliyokatwa iliweza kurudishwa na mtu mwingine. Na simu inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kama GPS iliwashwa. Wakati wa kutoa JPEG, GIMP inauliza kama ihifadhi habari za Exif na ile picha ndogo. Ondoeni alama kwenye zote mbili.

Mama mmoja aliuliza: "Na zile afishi za uongo?" Ziko, mama. Mtu anakata alama ya shirika kubwa la misaada, anaibandika juu ya tangazo lake, anaomba pesa ya kuandikisha majina. Inachukua dakika kumi, na sisi tumewafundisha vijana ufundi uleule leo. Kwa hiyo afishi zetu zitakuwa na nambari, na nambari hiyo itaandikwa pia kwenye daftari la katibu. Afishi isiyo kwenye daftari si yetu, hata alama ikiwa nzuri namna gani. Na anayeomba pesa ili uandikwe kwa msaada, muleteeni kamati jina lake siku ileile.

Kompyuta inawashwa siku ya soko na siku inayofuata, kama jua limeingia vizuri kwenye betri. Vijana waje na wazo limeandikwa kwenye karatasi kwanza.