Marehemu Mwenye Utani: Babu, Jack na Mbwamwitu Asiye na Mtumaji



Nianze msibani. Alipofariki mjomba wangu kule Mbagala, maiti ikiwa bado ndani, mama mmoja alitokea uani amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo yake mkononi. Akakohoa kikohozi kilekile cha mjomba. Akauliza mbona chai yake imechelewa. Akamwendea mwenye duka, akamwambia mbele ya watu: "Na wewe lile deni la sukari umelifuata mpaka huku? Subiri basi nizikwe." Shangazi zangu, ambao sauti zilikuwa zimeshawakauka kwa kulia, walicheka mpaka wakashikana mabega, halafu wakarudi kulia. Yule mama alikuwa Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Mtani. Hakuna aliyethubutu kumfukuza, na koti hakulivua mpaka alipopewa chochote.

Nimelileta jambo hili kwa sababu nimeombwa kuzungumzia vichekesho na vitisho katika sanaa, na wahakiki wengi huona ajabu mzimu ukichekesha. Wanauliza: hofu na kicheko vinakaaje chumba kimoja? Kwa mtu wa Temeke aliyewahi kuzika, hilo si swali. Mzimu unaochekesha ameshauona mchana kweupe, umevaa koti.

Kazi zangu leo ni mbili, na nitakayoyasema ni maoni yangu. Ya kwanza ni riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, iliyotolewa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 2001. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1947, alikuwa ameshajipatia jina kwa Asali Chungu na Utengano, riwaya za machungu matupu. Humu akabadili mwendo. Babu aliyekufa zamani anamrudia mjukuu wake, mtu wa cheo na raha ambaye jina lake ni herufi moja tu, K, anamtoa kwenye starehe zake na kumtembeza ili aone maisha ya watu aliowapa kisogo.

Sikilizeni aliyefufuka ni nani. Si baba. Baba angerudi, K angeinamisha kichwa, angekemewa, na riwaya ingeishia ukurasa wa kumi. Amerudi babu, na sote tunajua babu kwa mjukuu ni nani. Huyu ndiye anayemwita mjukuu wa kike "mke wangu" na kumtishia mjukuu wa kiume kwamba atamnyang'anya mchumba. Baba anaheshimiwa, babu anataniwa, naye ana haki ya kukuambia usoni yale ambayo mkeo, dereva wako na katibu wa wizara yako hawathubutu. Mwandishi angeweza kumpeleka kwa K malaika, au mwandishi wa habari. Akampelekea mtani aliye ndani ya ukoo, na kwa uamuzi huo mmoja kejeli yote ya kitabu ikapata kibali.

Utani huu uliwashangaza wageni mapema. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Usambara, aliacha ndege wake kwa muda akaandika makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Alikuwa na macho mazuri. Sidhani kama kuna mtani aliyemdai koti.

Kitabu kina udhaifu wake. Kila Babu anapoanza kuhutubu, kicheko kinazimika na unabaki na mzee anayesoma risala (kama huyu aliyesimama mbele yenu). Namwamini Babu anapomdhihaki K. Anapomfafanulia hali ya nchi, simwamini tena, maana hata yule mama wa Mbagala hakueleza chochote. Alikohoa tu.

Kazi ya pili ni filamu ya John Landis ya mwaka 1981, An American Werewolf in London. Wengi wenu mnamjua Landis bila kujua: Michael Jackson aliipenda filamu hii akamwita amtengenezee Thriller mwaka 1983. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, Wazanzibari wakiwa wameshatutangulia kwa miaka ishirini, hivyo vitu hivi vilitufikia kwa kanda, na kanda zilitazamwa kwenye vibanda.

Mimi niliiona Tandika, kwenye kibanda cha mabati, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikitafsiriwa papo hapo na kijana mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Vijana wawili wa Kimarekani, David na Jack, wanapita nyikani Uingereza usiku wa mbalamwezi. Mnyama anamuua Jack na kumng'ata David. Mwezi unapojaa tena, David anageuka mbwamwitu mbele ya macho yetu: mkono unarefuka, mgongo unapasuka, manyoya yanachomoza. Rick Baker alipata Oscar kwa kazi hiyo, ya kwanza kabisa kutolewa katika tuzo ya urembaji wa sura. Mfasiri wetu akamwita "fisi wa kizungu". Kisha, kutoka benchi la nyuma, mtu akauliza:

"Nani kamtuma?"

Mfasiri hakuwa na jibu, na filamu haina jibu. Mbwamwitu wa Landis hana mtumaji. Ni ajali, kama kugongwa na daladala. Sisi mnyama tunamjua kwa aliye nyuma yake. Katika kesi za watu-simba wa Singida, mbojo, zilizoitikisa serikali ya kikoloni kati ya 1946 na 1948, watu walishtakiwa kwamba waliwavika vijana ngozi za simba na kuwatuma kuua. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, anafanya kazi hiyohiyo akiwa na kiko mdomoni: nyuma ya mzimu anamtafuta mtu. Kwa hiyo ile dakika iliyompa Baker Oscar iliistaajabisha Tandika. Kututisha, haikututisha.

Kilichotukamata ni Jack. Jack aliyekufa anamjia David hospitalini, koo limechanika na kipande cha nyama kinaning'inia, na jambo la kwanza analofanya ni kuomba kipande cha mkate wa David. Analalamika kwamba kifo kinachosha. Anasimulia maziko yake mwenyewe, na jinsi msichana aliyempenda alivyolia sana kisha akaenda kufarijiwa kitandani kwa mwingine. Kibanda kizima kilipiga kelele: "Mtani huyo!" Hatukuhitaji tafsiri. Kila anaporudi ameoza zaidi, na kila anaporudi ana mzaha zaidi, lakini mzaha una dai ndani yake: mpaka David afe, wote waliouawa watatangatanga. Babu naye ana dai kwa K. Kwangu huyo ndiye mzimu unaostahili kuandikiwa, anayekuja kuchekesha akiwa na hesabu mfukoni.

Karibu na mwisho David anakaa kwenye ukumbi wa sinema wenye giza, Piccadilly. Jack, aliyebaki karibu mifupa mitupu, anamtambulisha kwa watu ambao David aliwaua usiku uliopita, nao, kwa upole wote, wanamshauri njia nzuri za kujiua. Hapo mfasiri wetu alisimamisha kanda. Wafu wakabaki wamegandishwa kwenye kioo, midomo wazi. Akawasha taa, akachukua bakuli la bati, akaanza kupita benchi kwa benchi akikusanya shilingi 50 kwa wale walioingia kwa kupenyeza chini ya mabati.

"Wenzenu wamedai chao," alisema. "Na mimi nadai changu."