MAZUNGUMZO KUHUSU UNUNUZI WA SIMU ZA INTANETI MAOFISINI




Madhumuni ya mazungumzo haya ni kukumbushana jambo moja. Simu ya intaneti ya kampuni moja, ikiunganishwa na huduma ya kampuni nyingine, huweza kupiga na kupokea vizuri, na bado ikakosa mambo ambayo ndiyo yaliyotufanya tuinunue.

Sababu yake ni hii. Kanuni za wazi ziitwazo SIP, zilizotolewa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2002, zinaeleza namna ya kuanzisha simu, kuipokea na kuikata. Mtengenezaji yeyote anaweza kuzifuata. Lakini mambo mengi ya ziada, kama vile makatibu wawili kushirikiana laini moja, au taa inayoonesha kuwa laini ya mwenzako inatumika, kampuni nyingi huyatengeneza kwa namna zao. Simu ya kampuni nyingine hailazimiki kuyafahamu.

Tuutazame mfano wa Marekani. Vifaa vya OBi100 na OBi110, vilivyotengenezwa na kampuni ya Obihai, viliwawezesha watu kutumia simu zao za kawaida za mezani kupiga kupitia huduma ya Google Voice. Mwaka 2018 Google Voice iliachana na XMPP, njia ya mawasiliano iliyotumiwa na vifaa hivyo. Vifaa vilikuwa vizima, lakini havikuweza tena kupiga kupitia huduma hiyo. Hata hivyo, viliendelea kufaa kwa watoaji huduma wengine wanaofuata SIP. Kilichofuata kanuni ya wazi kilibaki. Kilichotegemea hiari ya kampuni moja kiliondoka.

Kwa hiyo, kabla ya fedha za umma kutumika, inafaa kila ofisi izingatie yafuatayo:

(a) Iorodheshe mambo inayoyahitaji, wala isitosheke na maneno “inafuata SIP”.

(b) Ijaribu simu moja au mbili katika huduma itakayotumika, jambo moja baada ya jingine, ikiwemo kupiga namba za dharura.

(c) Itake ahadi ya maandishi kuhusu muda ambao programu ya kifaa itaendelea kurekebishwa.

(d) Ihakikishe kuwa kifaa hakikufungwa kwa mtoaji huduma mmoja.

Wananchi wanaonunua kwa matumizi ya nyumbani nao wanashauriwa kufanya vivyo hivyo. Tahadhari kabla ya hatari.