Waridi Halijafa, ni Baridi ya Julai

Nasikia wengine hapa Gatongora wanataka kung'oa mawaridi yao ya kuuza, eti yamekufa. Ngojeni kwanza! Kwaruzeni gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, mti uko hai.

Vitabu vya Uingereza vinasema pogoa Februari au Machi, baridi yao ikielekea kuisha. Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, na huku waridi halilali kabisa. Linazubaa tu, na ule ukungu mweupe kama unga unalishika. Kwa hivyo sasa toeni matawi makavu na majani yenye ukungu, mchome. Kupogoa kwenyewe kungoje jua la mwisho wa Agosti.

Na si kwa panga, jameni! Ni makasi makali, yaliyofutwa kwa spiriti. Waliofanya kazi mashamba ya maua wanajua. Kateni mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, hewa ipate kupita katikati. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, ling'oeni. Hilo ni la mti mwingine, litamaliza chakula cha waridi lenu. Halafu wekeni samadi iliyooza, na maji mwagieni asubuhi, shinani, si kwenye majani. Baada ya wiki sita hadi nane mtakuwa na maua ya kupeleka sokoni.