Mtoto wa Tandale acheze wapi?



Jumapili iliyopita nilitoka na mwanangu nyumbani kwetu Tandale kwenda mjini. Tulipofika kwenye bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 karibu na ilipo leo Makumbusho ya Taifa, akaniuliza: "Baba, mbona huku kuna miti na kwetu hakuna?"

Jibu lake ni refu. Jiji la Dar es Salaam liligawanywa tangu enzi za ukoloni. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza: kanda ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini, ya tatu Uswahilini. Uzunguni nyumba zilikaa mbalimbali, katikati ya bustani na miti ya kivuli. Kariakoo watu walibanana. Hata uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo ni wetu sote, uliachwa wazi ili Mwafrika akae mbali na wengine, kwa kisingizio cha afya.

Mkoloni aliondoka mwaka 1961. Je, sisi tumefanya nini? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani humu. Tandale, Manzese na kwingineko nyumba zilitangulia ramani, nafasi ikaisha. Na pale ambapo ramani ilitangulia, ikaandikwa "eneo la wazi", leo utaona mchanga umemwagwa, kesho matofali, keshokutwa ukuta.

Dada yangu anaishi mtaa uliopimwa. Kiwanja walichokuwa wakicheza chandimu watoto wa pale sasa kina geti na mbwa. Wazazi walipouliza, wakaambiwa waje kesho. Kesho hiyo sasa ina mwaka wa pili. Watoto wamehamia barabarani, na mwezi uliopita mpwa wangu aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu.

Ndugu zangu, eneo la wazi si eneo lisilo na mwenyewe. Wenyewe ni watoto, wazee wanaotafuta kivuli, hata maji ya mvua yanayotafuta pa kuzama. Nendeni kwenye mkutano wa mtaa, mwombe kuonyeshwa ramani. Ulizeni maeneo ya wazi ni yapi, na bikoni zake ziko wapi. Ulizeni siku mchanga unapomwagwa, msingoje ukuta. Sisi tulichelewa.

Mpwa wangu bado anatembelea magongo. Juzi aliniuliza akipona atacheza wapi. Nami nauliza kwa niaba yake.

Tukutane juma lijalo.