Siku Moja Wittenberg



Nimeombwa kusema machache juu ya safari ya wanafunzi wetu walioalikwa na usharika rafiki wa Ujerumani mwaka 2023. Waliyoyaona katika majuma yale matatu ni mengi. Mimi nitasimulia siku moja tu, ile tuliyokwenda Wittenberg, maana ndiyo siku niliyoulizwa swali nililokuwa nimelikwepa tangu ujana wangu wa uchungaji.

Wittenberg ni mji mdogo kando ya mto Elbe. Vijana walikuwa na haraka ya kuuona mlango wa Kanisa la Ngome, na walipoambiwa kwamba milango ya kale iliteketea vitani mwaka 1760, nyuso ziliwashuka. Milango ya sasa ni ya shaba nyeusi, imewekwa mwaka 1858, nayo imechorwa hoja zote 95 kwa Kilatini. Mmoja wao alinung'unika kwamba amepiga picha na mlango usio wenyewe. Ndani tulisimama kimya penye kaburi la Luther, aliyezikwa hapo mwaka 1546.

Kisha tukaenda Kanisa la Mtakatifu Maria, ambamo Luther alihubiri kwa miaka mingi. Juu ya madhabahu iko ile kazi ya Cranach, na chini yake Luther amechorwa mimbarini, kidole chake kikimwelekea Kristo msalabani. Nilifurahi sana. Picha hiyo nimeitumia mara nyingi katika mafundisho ya Kipaimara.

Tulipotoka nje, binti mmoja wa kidato cha tano aliinua macho kwenye pembe ya ukuta, akauliza: "Baba Mchungaji, wale wanaonyonya nguruwe ni akina nani?"

Ni sanamu ya jiwe ya karne ya 13. Inawaonyesha Wayahudi wakinyonya nguruwe jike, na rabi akiinua mkia wa mnyama huyo. Ilichongwa ili kuwadhihaki watu ambao kwao nguruwe ni najisi. Luther aliikuta hapo. Nasema kwa huzuni kwamba hakuionea haya: aliitaja kwa kejeli katika maandishi yake ya mwaka 1543, mwaka uleule alioandika kitabu cha kuwashauri watawala wachome moto masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi na kuwanyang'anya vitabu vyao. Manazi waliyatumia maneno hayo karne nne baadaye.

Mama mmoja mzee, mwenyeji wetu, alituonyesha bamba la shaba lililowekwa ardhini, chini ya sanamu ile, mwaka 1988. Linawakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa. Alitueleza kwamba Myahudi mmoja alifungua kesi akitaka sanamu iondolewe, na kwamba mwaka 2022 mahakama kuu ya shirikisho iliamua inaweza kubaki, kwa kuwa bamba na maelezo yaliyopo yameigeuza kuwa ukumbusho. Mama huyo hakukubaliana na uamuzi huo. Binti yetu alisema ibaki, watu wasije wakasema haikuwapo. Walibishana kwa heshima, kupitia kwa mkalimani, hadi tukakaribia kuachwa na treni.

Garini binti akanigeukia. "Baba Mchungaji, wewe ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Kitabu kile nilikisikia chuoni. Nilijua pia kwamba Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, huko Budapest mwaka 1984, chini ya urais wa Askofu wetu Josiah Kibira, ulipokea tamko la kuyakataa maneno hayo ya Luther. Hata hivyo, katika miaka yote ya kufundisha Kipaimara sikulitaja jambo hilo hata mara moja. Nilidhani namlinda Luther. Nilimjibu binti hivyo hivyo, akanyamaza, nami sikupata usingizi usiku ule.

Washarika wapendwa, kitabu hiki cha Jubilei kinasimulia shule, zahanati na kengele yetu, na ni haki kushukuru. Lakini katika kabati la ofisi ya usharika limo daftari la zamani la waliotengwa. Nimelisoma upya tangu niliporudi. Wasichana waliopata mimba wameandikwa majina, tarehe na benchi la nyuma waliloketishwa. Wanaume waliowapa mimba hawakuandikwa, na baadhi yao, kama wazee wetu wanavyofahamu, waliendelea kuimba kwaya.

Nimeiomba Kamati ya Jubilei itenge kurasa mbili kwa ajili ya daftari hilo, bila kutaja jina la mtu yeyote. Wajumbe wawili wamepinga, na sababu zao nimezisikia. Kikao ni Jumamosi baada ya ibada ya asubuhi. Wale mama waliomo daftarini ambao wangali hai nimekwisha kuwatembelea nyumbani. Watatu wamesema watakuja.