Kalenda Mbili: Metali Zenye Sumu na Matibabu ya Ugumba



Wanandoa wakifika kliniki ya uzazi hupewa fomu. Huulizwa umri, miaka ya ndoa, mimba zilizoharibika, tarehe ya hedhi ya mwisho. Kazi ya mume, ikiulizwa, hujibiwa kwa neno moja, "mchimbaji" au "fundi betri", na hakuna anayelifuatilia neno hilo. Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo lifuatiliwe kabla ya sindano ya kwanza ya kukuza mayai. Likifuatiliwa baada ya mzunguko wa matibabu kushindwa, fedha zimeshakwenda.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba wakati fulani maishani. Wanaofika kwenye upandikizaji mimba katika nchi zetu ni wachache sana, na baadhi yao wameuza shamba ili wafike.

Tiba hii imewapa watafiti dirisha ambalo hapo awali hawakuwa nalo. Daktari anapovuna yai hulivuna pamoja na maji ya kifuko chake, na maji hayo huweza kupimwa. Mwaka 1995 watafiti wa Toronto waliyapima, wakakuta kadimiamu nyingi zaidi kwa wanawake wanaovuta sigara kuliko kwa wasiovuta. Metali ilikuwa imeshaketi kando ya yai kabla maabara haijaligusa. Mwaka 2003 wenzao wa New York waligeukia upande ambao tunapenda kuusahau: walipima risasi kwenye shahawa za waume ambao wake zao walikuwa kwenye matibabu. Risasi ilipokuwa nyingi, mbegu zilirutubisha mayai machache.

Sababu zake si fumbo. Kwa mwili, risasi hufanana na kalisi na zinki, hivyo hupokewa mahali pa madini hayo. Mbegu ya kiume huhitaji zinki ili kufunganya vinasaba vyake vizuri. Yai nalo huamshwa na mawimbi ya kalisi mara tu mbegu inapoingia. Zebaki hung'ang'ania protini zenye salfa, zikiwemo zile zinazolilinda yai dhidi ya uchakavu. Kadimiamu hujikusanya kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo madhara yake hayaishii siku kiinitete kinapopandikizwa.

Ushahidi hauelekei upande mmoja, na ningekuwa nawadanganya kama ningesema vinginevyo. Hong Kong, mwaka 2002, wanandoa wagumba walionekana kuwa na zebaki nyingi katika damu kuliko wenye watoto, nayo ilikwenda sambamba na ulaji wa vyakula vya baharini. Boston, mwaka 2015, watafiti walipima zebaki kwenye nywele za wanawake waliokuwa kwenye upandikizaji, wasione uhusiano wowote na matokeo. Kuna wanaoutumia utafiti huo kufunga mjadala. Mimi siafiki. Zebaki ya nywele hutoka zaidi kwenye samaki, na samaki huyohuyo huleta mafuta yanayousaidia uzazi, kwa hiyo faida inaweza kuficha hasara. Mwanamke wa Boston anayekula tuna hakai karibu na mume anayechoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye karai nyuma ya nyumba. Zebaki ya machimbo ya dhahabu ya Geita na Chunya, Tanzania, huingia kwa njia ya pumzi, ikiwa mvuke, na nguo za kazini huibeba hadi chumbani. Uchimbaji mdogo wa dhahabu hutoa zaidi ya theluthi ya zebaki yote ambayo binadamu huiachia hewani. Jibu la Boston haliwezi kuletwa huku kama lilivyo.

Sasa nije kwenye kalenda mbili, ya mbegu na ya metali mwilini. Mbegu ya kiume huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, kisha wiki kadhaa za kukomaa na kusafiri: tuseme miezi mitatu. Zebaki iliyo mwilini, ya samaki na hata ya mvuke, hupungua kwa nusu katika takriban miezi miwili. Basi mwanamume akiacha kuchoma dhahabu leo, mbegu za miezi mitatu ijayo zitatengenezwa katika mwili wenye zebaki pungufu. Kadimiamu haitupi nafasi hiyo. Katika figo hupungua kwa nusu baada ya miaka 10 hadi 30. Risasi iko katikati. Ile ya damuni hupungua katika wiki chache, lakini ile iliyozama mifupani hukaa miongo.

Mifupa hiyo inahusu kizazi kizima. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwanamke wa miaka 38 anayeanza matibabu leo alilelewa katika moshi ule, hasa kama alikulia mjini. Akishika mimba, na baadaye akinyonyesha, mwili huchota kalisi mifupani, na risasi hutoka nayo.

Kwingine risasi ililetwa mlangoni. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na wanawake wa pale walisimulia mimba zilizoharibika. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu ikabatilishwa katika rufaa, ikarejeshwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Kesi ina mwisho wake. Binti aliyekuwa na miaka 10 kiwanda kilipofungwa ndiyo kwanza anaingia umri wa kuzaa.

Zipo njia nyingine ambazo fomu zetu hazizigusi. Mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambao mara nyingine una zebaki. Wanja wa jiwe, ambao huweza kuwa madini ya risasi yaliyosagwa. Udongo wa pemba: mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kwamba udongo wanaoula wajawazito wa maeneo ya migodi ya Geita una aseniki na metali nyingine zenye sumu.

Wanaouza dawa za "kusafisha sumu" nawataja kwa haraka tu. Dawa halisi za kuondoa metali zipo, ni za hospitali, na hutolewa kiwango kikiwa kikubwa. Shirika la Afya Duniani linasema risasi ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo chake kitafutwe na kizuiwe. Tiba inaanzia hapo.

Ninachoziomba kliniki kinatosha ukurasa mmoja: kazi ya mke, kazi ya mume, nani anafua nguo za mgodini, mkorogo, wanja, pemba, sigara, na makazi ya utotoni. Jibu likitia shaka, damu ipimwe kwa risasi na mkojo kwa zebaki, na mzunguko uahirishwe miezi mitatu pale ambapo umri wa mke unaruhusu. Akiwa na miaka 42, miezi hiyo ni ghali mno. Hapo azuiwe tu asiendelee kuipata sumu, na matibabu yaanze. Mume apimwe siku ileile anayopimwa mkewe. Na kwa mchimbaji, ambaye hawezi kukaa miezi mitatu bila kipato, kliniki ishirikiane na ofisi ya madini ya eneo lake apate chombo cha kunasia mvuke wa zebaki, na sehemu ya kuchomea iliyo mbali na nyumba.