Kumpima Mtumishi wa Serikali

Jioni hii twataka kunena nanyi juu ya watumishi wa Serikali, na jinsi kazi yao ipimwavyo. Jambo hili latugusa sisi wa Mvumi na Ugogo wote, kwani mwalimu wa watoto wetu ni mtumishi wa Serikali, na mwuguzi wa zahanati vivyo hivyo.

Mfugaji wa kwetu huhesabu ng'ombe wake jioni waingiapo zizini. Ni desturi njema, lakini kuhesabu hakuongezi maziwa. Serikali ya Tanzania nayo ilihesabu. Mwaka 2016 watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha ya mishahara. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Hesabu hiyo ilipasa. Ila haikutuambia kama waliobaki wafanya kazi vema.

Zamani mkubwa wa kazi aliandika taarifa ya siri juu ya aliye chini yake, naye mtumishi hakujua alilolaumiwa wala alilosifiwa. Atajirekebishaje mtu asiyeambiwa kosa lake? Hivyo mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa wazi, OPRAS: mkubwa na mtumishi waketi pamoja, wapatane kazi za mwaka, kisha wazipime pamoja. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mara nyingi fomu zilijazwa kwa haraka ili faili lipate karatasi tu. Katika mwaka wa fedha 2023/2024 ukaja mpango mwingine, PEPMIS, ujazwao kwa intaneti.

Chombo ni kipya, lakini kazi ni ile ile. Sisi tufundishao walimu twajua ya kuwa alama nyekundu daftarini haimfundishi mwanafunzi neno, asipoelezwa alipokosea. Basi, enyi wakubwa wa shule na zahanati, ketini na kila mtumishi, mwambieni wazi, kisha msikilizeni. Huenda mwuguzi aliyekawia asubuhi alikesha peke yake na wagonjwa. Alama peke yake haitalisema hilo.

Nasi wananchi tusinyamaze. Tukihudumiwa vema, tumsifu mtumishi mbele ya mkubwa wake. Tukionewa, tuseme kwa adabu katika mkutano wa kijiji. Mtumishi hupimwa kwa haki pale tu wote wamwonao kazini wasemapo kweli.